Daftari Kabla ya Tangazo: Namna ya Kukitangaza Kitabu Ulichojichapishia bila Kuwachosha Wasomaji

Kitabu changu cha kwanza nilikichapisha kwa fedha zangu, nakala mia tatu. Jioni ile ile mabunda yalipofika Morogoro kwa basi nilifungua grupu la WhatsApp, nikaingiza kila namba iliyokuwa kwenye simu yangu: mwalimu wangu wa sekondari, fundi aliyeniezekea paa, wajumbe wa kamati ya harusi ya binamu yangu, dada mmoja niliyewahi kumuuzia friji. Nikapandisha kava na bei. Asubuhi nikapandisha tena, mchana tena, usiku tena. Kwa kuwa nilikuwa admini niliwaona wanavyoondoka, mmoja baada ya mwingine. Siku ya tatu mama yangu mdogo akanipigia. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mimi si nimeshanunua? Mbona kila siku unaniambia ninunue?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa najua nani amenunua, nani amekataa, na nani hajapata hata habari. Nilikuwa nawapigia kelele wote kwa pamoja. Nimeuza vitabu vingine viwili tangu wakati huo, na ninachoamini sasa ni hiki: msomaji hachoki kuambiwa kwamba kitabu kipo. Anachoka kuulizwa jambo ambalo alishalijibu. Kwa hiyo kazi ya kutangaza naianzia kwenye daftari, simu inafuata baadaye.

Hatua ya kwanza: fungua daftari mwezi mmoja kabla ya kitabu kutoka

Daftari la shule la kurasa mia linatosha. Piga mistari upate safu tano: jina, tulijuana vipi, hupenda kusoma nini, nilimwambia lini, alijibu nini.

Safu ya tatu ndiyo itakayokusumbua, na ndiyo yenye manufaa kuliko zote. Utagundua kwamba una marafiki wa miaka kumi ambao hujui kama wanasoma riwaya, wasifu wa watu, vitabu vya dini au hawasomi kitabu chochote. Usibuni. Mtu ambaye huwezi kumjazia safu hiyo, mwache kwanza. Habari za kitabu ataziona pale utakapoziweka wazi kwa wote. Wale ambao unaweza kuwajazia ndio wa kuanza nao. Mimi nilianza na watu arobaini na mbili, na walinitosha kwa wiki tatu za mwanzo.

Namba za simu nazo zina adabu yake. Namba ya kamati ya harusi ilitolewa kwa ajili ya harusi, na ya mzazi mwenzako darasani ilitolewa kwa ajili ya watoto. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya wana ya kwao tangu 2019. Zote zinasimama juu ya msingi kwamba taarifa ya mtu itumike kwa jambo lile aliloitolea. Ukitaka kumtangazia mtu kitabu, muulize kwanza kama umweke kwenye orodha. Ni swali la sekunde tano, na anayekubali huwa anakumbuka kwamba alikubali.

Ukurasa wa mwisho wa daftari uandike kichwa kimoja kwa kalamu nyekundu: WASIAMBIWE. Tutaurudia.

Hatua ya pili: andika ujumbe mmoja uliokamilika

Hakuna linalowakera wanunuzi wa mtandaoni kama "bei njoo inboksi". Mtu ameona kava, amevutiwa, anataka kujua kama fedha aliyonayo inatosha, unamwambia akufuate chumbani. Akikufuata atauliza bei, kisha analipaje, kisha kitafikaje, kisha kinahusu nini. Hapo mmeshaandikiana mara nane na hajakipata kitabu. Wengi huishia njiani, na wewe unabaki ukidhani hawapendi kusoma.

Ujumbe wa kitabu changu cha pili ulikuwa hivi:

"Karani wa stesheni ya Kilosa anagundua kwamba kila Ijumaa mizigo miwili inashushwa bila kuandikwa popote. Anayeipokea ni mke wake. Riwaya, kurasa 184, Sh 10,000. Lipa kwa Lipa namba hapo chini. Huongezi ya kutolea. Morogoro mjini nakuletea mwenyewe. Dar es Salaam na Dodoma natuma kwa basi, gharama ya mzigo ni yangu. Sura ya kwanza nimeiambatisha, isome bure."

Hapo msomaji amepata kisa, bei, njia ya kulipa, namna ya kupokea na kionjo. Akiamua kuandika, ataandika "nimelipa" au "sawa, nimeona". Yote mawili ni majibu.

Kisa kiwe sentensi mbili, na ndani yake kuwe na mtu, mahali na tatizo. Usikisifie kitabu chako mwenyewe. "Riwaya ya kusisimua itakayobadilisha maisha yako" haimwelezi mtu chochote, maana kila kitabu kinaandikwa hivyo. Karani, Kilosa, mizigo ya Ijumaa: hayo ni ya kitabu kimoja tu. Ukishindwa kuziandika sentensi hizo mbili, mwombe rafiki aliyekisoma akusimulie kinahusu nini, wewe uwe unaandika anavyosema. Mara nyingi atakupa sentensi bora kuliko zako.

Picha ya kava ipunguze ukubwa, maana wengi wanaishi kwa bando la siku. Sura ya kwanza iwe faili dogo la PDF, au uibandike kama maandishi ya kawaida ili isomeke bila kupakua. Kitabu kizima usikitume kwa mtu yeyote kama kionjo, hata awe rafiki wa damu. Faili likishatoka mkononi halirudi, na anayelisambaza mara nyingi hana nia mbaya.

Hatua ya tatu: anza pale ambapo mtu anakuja kwa hiari yake

Stetasi ya WhatsApp inafaa sana kwa sababu hakuna anayelazimishwa kuifungua. Inakaa saa 24, kisha inatoweka, na inaonekana na wale tu mliohifadhiana namba. Chaneli za WhatsApp, zilizokuja mwaka 2023, nazo zina heshima hiyo: mtu anafuata akitaka, anaacha akitaka, na wafuasi wenzake hawaioni namba yake.

Mimi naweka posti moja kwa siku, na katika posti saba ni moja tu yenye bei. Sita zilizobaki lazima zimpe mtu kitu hata asiponunua kamwe. Kipande cha mazungumzo ya wahusika. Picha ya stesheni niliyokaa asubuhi nzima nikiangalia watu wanavyoshusha mizigo. Neno la Kiluguru nililolitumia sura ya tano na maana yake. Sauti ya dakika mbili nikisoma ukurasa mmoja. Hii ya sauti naipendekeza kwa moyo wote, kwa maana sisi ni watu wa kusikiliza. Dereva aliye foleni na mama aliye jikoni hawawezi kusoma, lakini wanasikia. Wengi wa walionunua kitabu changu cha pili waliniambia walianza kwa kusikia sauti.

Jambo moja la kujizuia: WhatsApp inakuonyesha nani ameitazama stetasi. Usimfuate mtu inboksi na kumwambia "nimeona umetazama tangazo langu, vipi unachukua?" Alikuwa anapita dirishani, wewe ukamkamata mkono. Kesho hatapita tena.

Kalenda nayo ina nafasi yake. Siku ya Kiswahili Duniani ni 7 Julai, na siku ya vitabu duniani ni 23 Aprili. Siku hizo watu wanategemea kusikia habari za vitabu, kwa hiyo hata ukisema mara mbili hausumbui. Januari ni mwezi wa ada, sare na madaftari. Mzazi anayekataa kitabu chako mwezi huo hajakikataa kitabu. Ndani ya mwezi, siku za baada ya mshahara ndizo za kutaja bei, na katikati ya mwezi ni za hadithi.

Hatua ya nne: magrupu, kwa ruhusa na mara moja

Hapa ndipo waandishi wengi tunapoharibu jina, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila grupu lilianzishwa kwa jambo fulani. Kabla ya kuandika chochote, mwandikie admini pembeni: "Nimetoa riwaya, naomba kuitaja mara moja kwenye grupu letu. Kama si mahali pake, nitaelewa." Ukikubaliwa, taja mara moja, kisha kaa kimya kuhusu kitabu mpaka mtu mwingine aulize. Ukikataliwa, andika daftarini na usijaribu tena kupitia mjumbe mwingine.

Mara hiyo moja, iunganishe na watu waliomo. Kwenye grupu la tuliosoma wote, niliandika kwamba mwalimu wa hesabu katika sura ya nane ana tabia ambayo wote tutaitambua. Ubishi uliozuka kuhusu ni mwalimu yupi ulidumu wikiendi nzima, na mimi sikuhitaji kuongeza neno. Kwenye grupu la kanisa au la madrasa, kama kitabu hakihusiani na imani, heri usiseme kitu.

Kuna grupu moja ambalo lisiguswe kabisa. Mtu akifariki, grupu la msiba linafunguliwa kukusanya michango na kupanga mazishi, na baada ya arobaini linabaki pale likiwa na watu mia mbili na hakuna anayelifunga. Nimeona tangazo la kitabu likiwekwa chini ya picha ya marehemu. Wafiwa bado huingia humo kutazama salamu za pole. Usifanye hivyo, hata kama wengine wameshaanza kuuza mchele humo.

Wala usifungue grupu lako na kuwaingiza watu. Tengeneza linki, iweke kwenye stetasi, anayetaka aingie mwenyewe.

Hatua ya tano: ujumbe binafsi, na kusikia "hapana" iliyofungwa kwa adabu

Sasa rudi kwenye safu ya tatu. Kwa wale unaojua wanachopenda, ujumbe binafsi ni halali, na uandikwe kwa mtu huyo mmoja. Brodikasti ya WhatsApp inaweza kufikisha ujumbe kwa watu 256 kwa mpigo, ila mpokeaji anaitambua mara moja: haina jina lake, haina salamu yake. Itumie kwa waliokubali kupokea habari zako; wengine waandikie mmoja mmoja, watano au sita kwa siku.

Kwa mwalimu wangu niliandika: "Shikamoo mwalimu. Ni mimi, uliyenirudishia insha mara tatu kwa sababu ya alama za nukta. Nimeandika riwaya. Sura ya kwanza hii hapa, nimejitahidi na nukta. Ukipenda kuisoma yote nitakuletea." Kwa rafiki niliyecheza naye mpira niliandika mistari miwili tu, bila shikamoo na bila kuzunguka. Usimwandikie mtu baada ya saa tatu usiku, na kumbuka kwamba ndugu yako aliye Muscat yuko saa moja mbele yetu.

Kisha ngoja jibu, na ujue kulisoma. Watu wetu hawapendi kukuvunja moyo usoni. Akisema "nitakucheki", "tuone mwezi ukiisha", "hongera sana, Mungu akuzidishie" bila kutaja kitabu, mara nyingi amekujibu. Wanaokitaka huuliza kitu: kinapatikana wapi, naweza kulipa kwa Airtel Money, kina kurasa ngapi. Swali ni dalili ya kununua, pongezi peke yake si dalili.

Kumbusho ni moja, baada ya siku kumi hivi, na liwe na jambo jipya: "Zimebaki nakala za mwisho za toleo hili," kama ni kweli, au "Jumamosi nitakuwa mtaani kwenu na vitabu, nikupitishie?" Akinyamaza tena, andika "kimya" kwenye safu ya tano, ufunge. Asikusikie ukitaja kitabu hicho tena. Mkutane, mzungumze mambo mengine, akuone bado ni ndugu yake hata kama hakununua. Nimewahi kupigiwa simu na mtu wa "kimya" miezi minne baadaye, akiagiza nakala tatu za zawadi. Kama ningemfuata mara tano angekuwa ameshanibloku.

Aliyesema wazi hataki, au aliyejitoa kwenye chaneli akakueleza kwa nini, jina lake linakwenda ukurasa wa mwisho, kwa kalamu nyekundu.

Hatua ya sita: hadithi ya mfululizo, ukiweza kuitimiza ahadi

Magazeti ya Kiswahili yamechapisha hadithi kwa vipande kwa miongo mingi, na leo vipande hivyo vimehamia Facebook na WhatsApp. Msomaji wetu anaijua "itaendelea" na anaipenda. Kwa mwandishi asiye na fedha ya matangazo hii ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu msomaji ndiye anayekutafuta.

Masharti yake ni mawili. La kwanza, siku na saa zisibadilike: ukisema Jumanne na Ijumaa saa moja usiku, iwe hivyo hata ukiwa safarini, andika vipande vyote kabla ya kuanza. La pili, tangaza mwisho wa vya bure tangu kipande cha kwanza: "Nitaweka vipande vinane hapa. Kuanzia cha tisa utavipata ndani ya kitabu." Nimewahi kufuata hadithi hadi kipande cha ishirini na tatu, mhusika ananing'inia dirishani, mwandishi akaandika kwamba anayetaka kuendelea alipe kwanza. Nilikuwa na fedha hiyo. Sikulipa, kwa sababu nilihisi nimetegwa. Mimi niliyeandika riwaya mwenyewe nilihisi hivyo. Fikiria asiyejua taabu ya kuandika.

Hatua ya saba: acha kitabu kisimame mahali bila wewe

Kila nakala iliyo rafuni inatangaza bila kumpigia mtu kelele. Ila maduka mengi hayapendi kupokea kitabu kisichotambulika, kwa hiyo pata mapema ISBN, namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu: Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, Kenya inatolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Kisha peleka nakala chache, tano hadi kumi, kwa mali kauli, yaani ulipwe zikishauzwa. Andikeni karatasi ya makabidhiano yenye idadi, bei, asilimia ya mwenye duka na siku ya kuhesabu, msaini wote wawili. Rudi siku hiyo hiyo mliyoandika. Mwenye duka naye anachoshwa na mwandishi anayepita kila Jumatatu kuuliza "vipi, kimetoka?"

Dar es Salaam kuna duka la TPH (Tanzania Publishing House) pale Samora Avenue na Soma Book Café, Mikocheni. Nairobi duka la Nuria linajulikana kwa kupokea vitabu vya waandishi wanaojichapishia. Mikoani usidharau stendi na duka la vifaa vya shule. Shule zenyewe ni suala jingine: vitabu vya kiada na ziada hupitia ithibati ya serikali, kwa hiyo usimbane mwalimu mkuu akuchukulie riwaya mia moja. Mpe mwalimu wa Kiswahili nakala moja ya maktaba, umshukuru, uondoke.

Hatua ya nane: baada ya kuuza

Siku ile ile fedha inapoingia, mwandikie aliyelipa kwamba umeipata na kitabu kinatoka lini. Kikipakiwa, mtumie picha ya risiti ya mzigo na namba ya ofisi ya basi. Daftarini andika "amenunua" na uzungushie duara. Duara hilo ndilo lililokosekana siku mama mdogo aliponipigia.

Baada ya wiki mbili muulize swali moja lisilo la biashara, kwa mfano amefika wapi, au amemwonaje mke wa karani. Akikuambia jambo zuri, omba ruhusa kabla ya kulipandisha, na ukubali kama anataka jina lake lisionekane. Akikuambia jambo baya, mshukuru na uliandike; nina kurasa mbili za makosa ya kitabu cha pili ambazo zilikiokoa cha tatu. Aliyefurahia kweli, mwombe amwambie mtu mmoja tu. Ukimwomba "wasambazie wote" atafowadi tangazo lako kwenye magrupu na kurudisha kero ile ile kwa jina lako. Ukimwomba mtu mmoja, atawaza ni nani kitamfaa.

Hatua ya tisa: funga

Panga siku ya mwisho kabla hujaanza. Mimi nimezoea wiki sita. Siku hiyo naandika kwenye stetasi: "Leo naacha kukitangaza kitabu hiki. Asanteni mlionunua na mliosoma sura ya kwanza. Anayekihitaji siku yoyote, namba ni hii." Kisha nanyamaza kweli, narudi kuandika. Huwa napata maagizo machache siku mbili zinazofuata, kutoka kwa watu waliokuwa wanaahirisha.

Kitabu kipya kikikaribia, nunua daftari jipya. Kabla hujaandika jina lolote la mtu wa kumwambia, fungua ukurasa wa mwisho wa lile la zamani, uyahamishe kwanza majina ya kalamu nyekundu.